Zeus Alivyonihamisha Ukoo

Mimi najua vitu vichache, lakini hivyo vichache navijua mpaka kwenye mizizi, na mtu akinikatiza kabla sijafika kwenye mizizi napandwa na hasira. Ndivyo nilivyo. Seminari walinifundisha Kilatini na Kigiriki cha kale, kisha tukakubaliana, walezi wangu na mimi, kwamba wito ninao, ila ni wito wa vitabu. Nikatoka na sanduku langu la bati na kamusi mbili. Sasa nafundisha historia katika sekondari moja upande wa Buswelu. Jioni walimu wenzangu wanakwenda kutazama mpira. Mimi nabaki na miungu ya Wagiriki.

Siiabudu, jamani. Jumapili niko kanisani na naimba besi. Ninachopenda ni majina yao, yalikotoka. Mchukue huyu Zeus, mkubwa wao, mwenye radi. Wagiriki wakimwomba walisema Zeu pater, yaani Zeu Baba. Warumi wao walikuwa na Jupita, na ukilipasua jina hilo unakuta pater yuleyule amejificha mkiani. Wahindi wa kale nao, katika nyimbo zao za ibada, wana Dyaus Pita. Watu wa pande tatu za dunia, hawajawahi kukaa kikao kimoja, na wote wanamwita Baba Mbingu, Baba wa mwanga wa mchana! Ni kwamba babu zao walikuwa watu wamoja. Walikuwa wafugaji huko kwenye nyika za kaskazini, wakatawanyika na ng'ombe wao, na jina la mungu wakalibeba kama mtu anavyobeba jiko akihama. Msukuma akisikia habari hiyo anatakiwa asimame apige makofi, maana sisi wenyewe tumehama na ng'ombe mpaka Rukwa, mpaka Lindi, na kila tulikofika tumewachosha wenyeji.

Sasa jaribu kumweleza mtu habari hizo Mwanza hii. Mama yangu alinisikiliza mara moja, akiwa anapepeta mchele.

"Huyo Zeus, analeta mvua?"

"Ndiyo, mama. Hiyo ndiyo kazi yake hasa."

"Basi mwambie aje, mihogo yangu inakauka."

Dada yangu ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. Huyu ni mdogo wangu, ananifuata mimi, na baba alipofariki tukabaki sisi wawili na mama. Anauza dagaa kwa jumla mwaloni pale Kirumba, mitumbwi inaposhusha samaki, na ulimi wake unaweza kusafisha samaki bila kisu. Nilikuwa nikimweleza kwamba Eos, alfajiri ya Wagiriki, ni ndugu wa damu na Ushas, alfajiri ya Wahindi, yeye ananiambia, "Kaka, alfajiri ya Kirumba inaanza saa kumi, niache nikalale."

Ndiye huyo dada aliyekuja siku moja nyumbani kwangu, akakaa kwenye kiti bila kusogeza vitabu, akavikalia. Alikuwa amepita umri ambao majirani huuliza habari za harusi. Walishaacha kuuliza, na hilo lilikuwa linamuuma kuliko kuulizwa. Wanaume wawili walishakuja akawakataa, mmoja kwa sababu alikuwa mlevi na mwingine kwa sababu, alisema, alikuwa anatafuna kwa sauti.

"Kaka, kuna Mkerewe."

"Mkerewe gani?"

"Ananiletea dagaa kutoka Ukerewe. Hajawahi kunipunja hata kisado. Namtaka." Akanitazama usoni, na mimi ndiye niliyeangalia pembeni. "Namtaka, umenielewa? Wakija kuposa wewe ndiye msemaji wetu. Nakuomba kitu kimoja tu. Siku hiyo uongee kidogo."

Niliudhika. Nilimuuliza ni lini mimi nimewahi kuongea sana. Alinyanyuka akaenda zake.

Wageni walikuja Jumamosi kwa meli ya Nansio, nyumbani kwa mama, huko huko Buswelu. Alikuwepo bwana harusi mwenyewe, mtu mrefu, mpole, ambaye siku nzima sidhani kama alisema maneno yanayojaza kijiko. Walikuwepo shangazi zake wawili. Na alikuwepo msemaji wao, baba yake mdogo, mzee aliyestaafu uhakimu wa mahakama ya mwanzo. Mzee yule alikuwa amestaafu kazi, ila kazi haikuwa imemstaafu yeye. Ukisema neno anarudia polepole, kana kwamba kuna karani pembeni anaandika.

Upande wetu nilikuwepo mimi, mama, na wajomba kutoka Usagara waliokuja zaidi kwa ajili ya kuku. Dada, kama desturi, alikuwa jikoni na wanawake, haonekani.

Na niseme ukweli, niliendesha jambo lile vizuri. Waliposema wameona ua zuri katika bustani yetu, nikawauliza kama wanajua bei ya maji ya kumwagilia ua siku hizi, wajomba wakacheka. Mahari tukaelewana bila mtu kununa. Shangazi akatoa blanketi la mama kwenye mfuko, akaliweka kwenye kiti likisubiri kukabidhiwa rasmi baada ya chakula. Kilichobaki ni kula, kumkabidhi mama blanketi lake, kumwita binti atamke mbele ya watu kwamba anawatambua wageni, na kuagana. Chakula kikaletwa, sato, kuku, ugali wa udaga wa mihogo na wali.

Mzee hakimu akatazama sahani, akaridhika. "Nashukuru hamkutuwekea kamongo," akasema. "Ukoo wetu samaki huyo ni mwiko. Hatumli, wala hatumgusi."

"Hata sisi hatumli," mama akajibu.

Hapo ningenyamaza nikala. Lakini yule mzee, kwa adabu tu, ile adabu ya mgeni aliyeshiba, akanigeukia. "Mwalimu, tumesikia huko kwetu kwamba wewe ni mtaalamu wa mambo ya kale."

Jamani. Miaka yote hiyo nimeishi Mwanza, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza. Walimu wenzangu hukimbia. Mama hupepeta mchele. Na sasa hapa kakaa mzee mwenye miwani, mtu wa mahakama, ameweka mikono tumboni, anasubiri! Nikafuta vidole nikaanza. Nikampa Zeus, nikampa Jupita, nikampa Dyaus Pita. Nikampa Hestia wa Wagiriki na Vesta wa Warumi, ambao wote ni moto wa mekoni. Nikamwambia kwamba wapo pia wasiojulikana walikotoka, Athena kwa mfano, na Apolo, ambao Wagiriki waliwapokea tu njiani hakuna aliyeuliza vibali. Mzee alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mjomba mmoja alikuwa amesinzia, nilimsamehe.

"Kwa hiyo, mwalimu," mzee akasema, "unasema watu wanaweza kutengana vizazi na vizazi, lugha zikabadilika, na bado ukawatambua kwamba ni wa babu mmoja?"

"Kabisa!"

"Unawatambuaje?"

Swali zuri kama hilo sijaulizwa hata seminari. Nikamwambia, hutazami kitu kimoja, kimoja ni bahati. Unatazama vitu vinavyokwenda pamoja. Unatazama miiko, na jina la mkubwa wao, na hadithi yao ya zamani, maana hadithi husafiri na watu. Mungu wa radi anapigana na joka: kwa Wagiriki yupo, kwa Wahindi yupo, joka limebadilishwa jina tu. Nikamuuliza, "Kwa mfano ninyi, babu yenu wa kwanza alifikaje Ukerewe?"

Mzee akaeleza. Babu yao alitoka upande wa machweo na mtumbwi, ngoma ameipakata magotini na mbwa kakaa mbele. Wakapita visiwa na visiwa, mbwa kimya. Walipofika pale, mbwa akabweka. Babu akasema, basi ni hapa, akashusha ngoma.

Nilisimama. Sikumbuki kusimama, ila naambiwa nilisimama na mfupa wa kuku mkononi. Kwa sababu babu yetu sisi, aliyetangulia kufika huku, alitoka upande wa machweo kwa miguu, ngoma mgongoni na mbwa mbele, na alijenga pale mbwa alipobweka! Nimesimuliwa hivyo tangu naweza kukaa. Mtumbwi sisi tumeusahau, na ni lazima tuusahau, tuliingia bara tukafuga, mfugaji mtumbwi wa nini? Lakini ngoma ipo, mbwa yupo, machweo yapo. Kamongo tumekataa wote. Nikamuuliza mzee jina la yule babu, akalitaja, nami nikalitaja la kwetu, na yalikuwa karibu sana, isipokuwa ulimi wa kisiwani umevuta kidogo na wetu umekata. Sitayaandika hapa, majina ya mababu hayatembezwi ovyo.

"Umeona?" nikapaza sauti. Yule mjomba akaamka. "Umeona, mzee wangu? Zeus na Jupita hawa! Sisi na ninyi ni ukoo mmoja!"

Nilisubiri makofi, kwa kweli. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo darasani.

Mzee hakimu akavua miwani. Akaifuta, akaivaa tena. "Mwalimu," akasema polepole, "unasema mbele ya mashahidi hawa kwamba bwana harusi na bibi harusi ni watoto wa ukoo mmoja."

Ndipo nikasikia nilichokisema. Kwetu na kwao, watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama wametengana tangu Nuhu anashuka safinani. Ni kama kuoa dada yako. Shangazi mmoja alishaweka sahani chini na kujifuta mikono. Bwana harusi alinitazama kwa macho ya mtu aliyekanyagwa mguu na mtu anayemheshimu. Na mlangoni mwa jikoni alikuwa amesimama dada yangu, na jagi la maji ya kunawa, ambaye hakutakiwa kuonekana. Alikuwa amesikia yote. Hakulia. Aliliweka lile jagi chini akarudi ndani.

"Shauri hili," mzee akasema, "linaahirishwa."

Wakaaga kwa heshima, wakaondoka. Lile blanketi likabaki kwenye kiti, halikutolewa wala halikurudishwa, na mama alikataza mtu yeyote kuligusa.

Sasa kaa na wanawake wawili wa Kisukuma jioni ya siku kama hiyo. Mama alianza na mdomo uliponza kichwa, akaenda na ujuaji mwingi mbele kiza, na methali zilipomwishia za Kiswahili akahamia Kisukuma, ambako ana akiba kubwa zaidi. Mimi nilijitetea. Nilisema, na nasema mpaka leo, kwamba sikukosea. Onesha mahali nilipokosea! Ngoma, mbwa, kamongo, jina.

Dada alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango ametupa mgongo.

"Sikusema uongo," nikamwambia.

"Sikukuomba ukweli," akasema. "Nilikuomba posa."

Kisha akageuka, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo. "Umefunga wewe. Kafungue wewe. Mimi sitapata mwingine, kaka, na sitaki mwingine."

Nilianzia kwa paroko, ambaye tulisoma naye seminari na tukaitana majina mabaya kwa Kilatini. Alicheka mpaka akashika meza. Akaniambia kanisa halina habari na mtu aliyekutana na babu yake kwa ngoma na mbwa, waje tu atawafungisha ndoa kesho. Nikampigia simu mzee hakimu kwa furaha. Akaniuliza, "Paroko ndiye atakayekaa na wazee wa ukoo wangu mtoto akizaliwa?" Akakata simu.

Basi nikapanda meli kwenda Ukerewe. Njiani niliandaa utetezi, na ulikuwa utetezi mzuri sana, hebu usikilize. Wagiriki mungu yeyote wanamwita theos. Warumi wanamwita deus. Sikiliza yanavyofanana, theos, deus. Mtoto yeyote atasema ni ndugu. Wala! Hawahusiani kabisa. Deus ni wa mji uleule wa Zeus, mji wa mwanga na mbingu. Theos katoka kwingine kabisa, wamefanana sura tu, kama watu wawili wa Mwanza waliovaa jezi moja. Nikajiambia, haya ndiyo yatakayotuokoa. Kufanana si undugu!

Bwana harusi alinipokea bandarini Nansio. Alinibebea mkoba njia nzima bila kusema neno, na tulipofika kwa mzee akasema, "Kaka, naomba." Ni hilo tu. Ningependa zaidi kama angenitukana.

Wazee walikuwa wamekaa uani, viti vyao upande mmoja na kiti changu peke yake upande wa pili. Nikawaeleza theos na deus kwa makini, hatua kwa hatua. Nilipomaliza mzee hakimu akaweka mikono tumboni.

"Nikuulize, mwalimu. Kule Buswelu ulituambia Zeus na Jupita, ambao hawafanani, ni ndugu."

"Ndiyo."

"Leo unatuambia theos na deus, ambao wanafanana, si ndugu."

"Ndiyo, lakini..."

"Jibu ndiyo au hapana. Sasa, kwa elimu yako, yupo mtu yeyote duniani ambaye undugu wake unajulikana kwa kumtazama?"

"Kwa kumtazama tu, hapana. Inabidi ufuate kanuni za..."

"Na ukizifuata kanuni hizo, sisi na ninyi tunatokeaje?"

Nilitaka kudanganya. Namwomba Mungu ashuhudie, nilitaka sana. Nilikuwa na dada yangu kichwani, na jagi lake. Lakini nikishaulizwa kanuni, mdomo wangu hauna breki. "Tunatokea ndugu," nikasema.

Mzee mmoja kule nyuma akaguna, "Huyu ni mgonjwa."

"Hapana," hakimu akasema, "ni shahidi mwaminifu, ndiyo maana ana hasara." Akawainamia wenzake, wakanong'ona kwa Kikerewe, muda mrefu kidogo, mara moja wakacheka. Kisha akakaa sawa. "Mwalimu, mahakama imetafakari. Undugu huu mama yako haujui. Dada yako haujui. Sisi tulikuwa hatuujui mpaka ulipotuletea. Kwa hiyo tumeona kwamba undugu huu ni mali yako binafsi."

"Mali yangu?"

"Yako. Ndugu yetu ni wewe. Wao si ndugu zetu, ni wakwe. Hatuwezi kukukataa, umethibitisha. Lakini huwezi ukawa huku na kule, mguu mmoja Nansio na mguu mwingine Buswelu, maana hapo katikati yako ndipo watoto wa ukoo mmoja wanapooana. Chagua. Ukibaki kwenu, ndoa hakuna. Ukija kwetu, wewe ni kaka wa bwana harusi, na binti wa Buswelu anaolewa na mtu baki."

Sijawahi kusikia mila ya namna hiyo, si kabla wala baada. Niliwahi kumuuliza mtu anayejua mambo ya kale kule Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, naye akanitazama tu. Nadhani mzee aliitunga pale pale akiwa amekaa. Lakini aliisema kwa sauti ya hukumu, na wazee wote waliitikia, na ikishafika hapo ni mila.

Nilifikiri mambo ya kijinga kwanza. Nilishashona suti. Baba hayupo, mimi ndiye niliyekuwa nimpeleke dada kanisani, nimshike mkono mpaka altareni. Mwenyewe nilikuwa nimejizoeza sebuleni, naenda na kurudi nikiwa nimeshika ufagio. Kaka wa bwana harusi hamshiki bibi harusi mkono. Kaka wa bwana harusi anakaa upande mwingine na kupiga makofi kama watu wengine.

Nikainua kiti changu. Kilikuwa kizito, cha mninga. Nikavuka nacho uani nikakiweka upande wao. Yule mzee aliyesema mimi ni mgonjwa akasogea kunipisha.

Kuanzia siku hiyo nilikiona cha moto. Kwenye simu nikatolewa katika kikundi cha kamati ya harusi upande wa bibi, nikaingizwa cha upande wa bwana, ambako jambo la kwanza nililosoma lilikuwa malalamiko juu ya ubishi wa familia ya bibi. Nililazimika kukubaliana nao. Mama yeye alifurahi kupita kiasi. Kwa kuwa sasa mimi ni wa upande wa waoaji, akaamua mimi ni mkwe, na mkwe hatazamwi usoni. Nikienda kwake anavuta kanga kichwani, anageukia ukutani, anaongea na ukuta: "Baba mkwe karibu, chakula kipo." Nilipomwambia aache utani aliuambia ukuta kwamba wakwe wa siku hizi hawana adabu. Blanketi lake alishalipokea, analala nalo.

Dada hakunitania. Alinipigia simu mara moja tu. "Nimesikia ulichofanya," akasema, na nikamsubiri aseme kingine, nikasikia mwaloni nyuma yake, watu wanapigia kelele dagaa. "Suti yako usiuze," akasema, akakata.

Siku ya harusi alipelekwa altareni na mjomba wa Usagara, yule wa kusinzia, ambaye alitembea haraka utadhani anawahi basi. Mimi nilikaa upande wa bwana harusi na suti yangu. Nilitazama viatu vya mjomba mwendo wote. Vilikuwa vichafu kisiginoni, na hilo lilinikasirisha kuliko jambo lolote.

Tukarudi kwa mama kuaga. Bibi harusi hupita kwa watu wake mmoja mmoja, na hapo ndipo watu hulia. Alianza kwa mama, ambaye siku hiyo hakuwa na methali hata moja. Akaenda kwa wajomba, kwa shangazi, kwa majirani wa Buswelu, mpaka kwa mama muuza maandazi. Nilikuwa nimesimama na watu wa Ukerewe karibu na gari. Akafika mwisho wa mstari wao akapita mbele yangu akaingia garini, kwa sababu mtu haagi watu anaokwenda kwao.

Watu wa bwana harusi hutangulia ili wampokee bibi harusi nyumbani. Tukapanda meli ya kwanza, wao wakaja na ya pili. Kwa hiyo nilikuwa uani kwa mzee, katika mstari wa wapokeaji, kati ya shangazi na mzee aliyeniita mgonjwa, wakati gari lilipoingia. Vigelegele vikapigwa. Dada alikuwa amefunikwa kanga mpya kichwa kizima, na desturi ya kule bibi harusi hashuki mpaka ashawishiwe. Shangazi wakamwimbia. Hakushuka. Wakampa zawadi ya kushukia, kitenge, akakipokea bila kusogea. Wakaimba tena, wakaongeza sufuria. Wakacheka wakasema huyu wa Mwanza mgumu. Lakini mimi niliona mikono yake juu ya magoti. Nimemjua tangu amezaliwa, na mikono ile haikuwa inangoja sufuria.

Mzee hakimu naye aliona. Akanigusa bega. "Nenda wewe," akasema. "Mtu wa nyumbani ndiye anayemshusha."

Nikaenda nikainama mlangoni mwa gari. Dada akasema, ndani ya kanga, kwa sauti ndogo, kwa mtu yeyote yule aliyekuwa ameinama pale, "Naogopa." Mwanamke yule! Anayegombana na wachuuzi wa kiume alfajiri, sijawahi kumsikia akisema neno hilo hata siku moja.

Mimi najua salamu za Kigiriki cha kale, nazijua za Kilatini, na za Kisukuma kwa kila saa ya mchana. Hazikuja.

"Karibu kwetu," nikasema.

Kanga ikainuka upande mmoja, likatokea jicho, halafu la pili. "Kumbe na wewe umo," akasema, akaanza kulia sasa, kile kilio cha kwikwi, ambacho kwa mama hakukilia. Akatoa mkono. Nikaushika, nikamshusha, tukapita katikati ya wale watu wote mpaka mlangoni, nikamwingiza ndani.